Baiti Zilizobadilishana Nafasi

Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, palikuwa na mitandao kadhaa ya kompyuta iliyounganishwa kwa malango. Kila lango lilikuwa kompyuta yenye kazi moja: kupokea pakiti za data upande huu na kuzitoa upande wa pili. Kila pakiti ilipovuka hatua moja ilikaguliwa kwa hesabu, na hesabu ikasema ni salama. Kumbe lango moja lilikuwa na maradhi. Takriban mara moja katika kila baiti milioni, lilizibadilisha nafasi baiti mbili: ya mbele ikaenda nyuma, ya nyuma ikaja mbele. (Hii ni baiti ya kompyuta, yenye biti 8, si baiti ya utenzi, ingawa kipande cha utenzi nacho kina mizani 8, na wapendao sadfa wana lao la kusema.)

Kisa hiki walikisimulia Jerome Saltzer, David Reed na David Clark katika makala yao ya mwaka 1984. Faili za mfumo endeshi zilipitishwa mara kwa mara katika lango lile, na baadhi zikaharibika pole pole, pasi na kengele yoyote kulia. Wenye faili hawakupata dawa ila moja: kuzitafuta karatasi za zamani zilizochapwa, wakae walinganishe kwa macho, mstari kwa mstari.

Ukaguzi ulipitwaje? Ni mfano wa barua yenye lakiri. Tarishi anaipokea, anaikagua lakiri, anaiona nzima. Kisha anaifungua, anainakili barua ndani ya nyumba yake, na nakala anaitia lakiri mpya. Akikosea katika kunakili, lakiri mpya italishuhudilia kosa kuwa ndilo neno la mwenyewe. Hitilafu ya lango haikutokea njiani, palipolindwa. Ilitokea ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, baina ya ukaguzi mmoja na mwingine.

Msomaji wa tenzi hatashangaa. Mnakili akidondosha silabi, mizani humuumbua. Akiharibu irabu ya mwisho, kina humsuta. Lakini akibadilisha nafasi za maneno mawili katikati ya kipande, mizani hutimia vilevile, na maana huenda ikapinduka. Hesabu ya ukaguzi inayotumika katika itifaki ya TCP ina udhaifu uo huo: hujumlisha namba za biti 16, na jumla haijui mpangilio. Tatu na tano, tano na tatu, jibu ni nane.

Tena hayo si mambo ya kale tu. Mwaka 2000 Jonathan Stone na Craig Partridge walichunguza pakiti zilizopita katika mitandao halisi, wakakuta kwamba baina ya pakiti moja katika 1,100 na moja katika 32,000 ilikataliwa na hesabu ya TCP ilhali ukaguzi wa waya ulikuwa umekwisha kuipitisha. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, walikuwapo watengenezaji waliouzima kabisa ukaguzi wa UDP ili mfumo wa faili wa mtandaoni, NFS, uende kasi. Kasi waliipata.

Anayeuwinda ugonjwa wa namna hii ana adui mwenye subira. Faili ikinakiliwa mara kumi huenda ikafika salama mara zote kumi. Kwa hiyo fundi huchukua alama ya faili pale ilipozaliwa, kwa hesabu nzito kama SHA-256, akaichukua tena kwenye seva, na tena kwenye kompyuta ya tatu. Hiyo ya tatu si anasa: kompyuta iliyoandika, ikiulizwa papo hapo, aghalabu husoma nakala iliyo katika kumbukumbu yake yenyewe, ikajisifu kwa jambo ambalo seva hailijui. Kisha hurudia mamia ya mara, akiondoa kiungo kimoja kimoja: kebo, swichi, kadi ya mtandao, kumbukumbu.

Na haitoshi kujua kwamba faili imeharibika. Sharti atazame imeharibikaje. Biti moja iliyogeuka, tena mahali pale pale kila mara, humwelekeza kwenye kumbukumbu. Pengo la sifuri tupu humfanya aulize kama kompyuta mbili zilikuwa zikiandika mwisho wa faili moja kwa wakati mmoja. Hapo fundi huwa mhakiki wa miswada, asomaye makosa ya mnakili ili amjue mnakili.

Mlinganisho huu si wa kupamba maneno. Picha za miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, jijini London, nazo sasa ni faili, na faili husafiri. Nukta moja chini ya herufi hutenga ba na nukta moja juu yake hutenga nuni. Katika picha iliyobanwa, biti moja iliyogeuka yaweza kuchafua safu nzima ya maandishi, na hilo angalau huonekana. Katika maandishi yaliyochapwa upya kwa kompyuta, biti hiyo moja hugeuza herufi kuwa herufi nyingine, neno likabaki neno. Na chombo cha kuhifadhi nakala za akiba, kisichojua kusoma, usiku huichukua faili hiyo na kuiweka juu ya ile iliyokuwa nzima.