Kutu na Mwenye Pikipiki wa Mirongo

Katika mji wa Mwanza, karibu na mto Mirongo, mto ule ushukao kati ya nyumba za watu mpaka ziwani, palikuwa na mtu mmoja mwenye pikipiki kuukuu. Aliinunua mkononi mwa mtu mwingine, nayo wakati ule ilikuwa imekwisha tembea miaka mingi. Pikipiki hiyo ilikuwa ndiyo shamba lake na ndiyo ng'ombe wake. Kwa hiyo aliwalisha watoto wanne na kulipa kodi ya nyumba. Kila alfajiri alikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, akapakia magunia ya dagaa na ya kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa, akayapeleka kwa wafanya biashara wa mjini.

Watu wengi hudhani ya kuwa chuma kilichoko Mwanza kina raha kuliko chuma cha pwani, maana maji ya ziwa si ya chumvi, wala upepo wake haubebi chumvi kama ule wa Tanga au Dar es Salaam. Neno hilo ni la kweli, lakini lilimdanganya mtu yule. Kwake chumvi haikuja kwa upepo. Aliibeba mwenyewe nyuma ya kiti. Maji ya kayabo yalitona kutoka katika gunia, yakaangukia mnyororo na nati za gurudumu la nyuma. Tena siku za mvua matope yaliganda juu yake, yakakaa na unyevu wake siku nyingi.

Chuma hushika kutu kikipata maji na hewa pamoja. Kimoja bila mwenziwe hakitoshi. Chumvi huharakisha kazi hiyo sana. Na jambo ambalo wengi hawalitambui ni hili: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo ikiota katikati ya hesi za bolti na hesi za nati, hukosa mahali pa kwenda, ikazibana zote mbili kama kabari. Ndiyo sababu nati iliyofungwa zamani kwa nguvu ya kijana mdogo, leo haifunguliwi na wanaume wawili.

Mtu yule aliona wekundu ule kila siku, akaupita. Ni nani asiyefanya hivyo? Pikipiki ilikuwa ikiwaka asubuhi, na fedha zilikuwa zikiingia.

Hata siku moja alimpakia binti yake ampeleke shule, akaupanda mlima kwenda upande wa Bugando. Mnyororo ulikuwa umelegea tangu majuma mengi. Walipofika penye mwinuko mkali, mnyororo ukaruka katika meno yake, pikipiki ikakosa nguvu, ikaanza kurudi nyuma, na lori lilikuwa likipanda nyuma yao. Breki ya mbele ikashika. Dereva wa lori naye akasimama. Hapana aliyeumia, ila mtoto alikataa kupanda tena, akaenda zake kwa miguu, wala hakugeuka kumtazama baba yake.

Jioni ile akaazimu kuukaza mnyororo. Kazi yenyewe ni ndogo: hulegezwa nati ya ekseli ya nyuma, gurudumu huvutwa nyuma kidogo, kisha nati hukazwa. Lakini nati haikutikisika. Akatwaa bomba la chuma, akalivika katika mpini wa spana ili kuongeza nguvu, akalisukuma kwa mguu. Spana ikateleza, pembe za nati zikaviringika. Kwa hasira akageukia bolti ndogo ya kifuniko cha mnyororo, ili apate japo kutazama ndani. Nayo ikakatika, kichwa kikabaki mkononi na mwili ukabaki ndani ya injini.

Asubuhi akaikokota pikipiki mpaka kwa fundi mmoja mzee, mwenyeji wa Kigoma.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nani aliyeipiga vita nati hii?”

“Ni mimi, Mzee. Tafadhali ikate kwa patasi, niondoke leo. Nisipokwenda Mwaloni kesho, mteja wangu atampa mwingine mizigo.”

Fundi akajibu, “Kukata naweza. Lakini patasi ikiteleza itaharibu hesi za ekseli, na ekseli yenyewe imeshikwa na kutu ndani ya gurudumu. Utanunua vitu viwili badala ya kimoja. Niachie siku mbili.”

Siku mbili bila kazi ni nyingi kwa mtu alaye kwa kazi ya siku ile ile. Akakaa kimya kitambo, akihesabu moyoni, kisha akakubali. Fundi akaisugua nati kwa brashi ya waya, akachanganya mafuta ya taa na mafuta ya injini, akayatona penye hesi, akagonga taratibu kwa nyundo ndogo ili yapate njia ya kuingia. Moto hakuutumia. Moto huilegeza nati, maana chuma kikipashwa hupanuka. Ila hapo palikuwa na mpira, na petroli haikuwa mbali.

Walipokuwa wakingoja, fundi alimsimulia habari ya meli ya kwao. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma katika masanduku, ikaungwa tena, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwezi wa Julai mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe, ila kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Baada ya miaka minane majini, mitambo ile ilifaa kutumika tena, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba.

“Miaka minane chini ya ziwa,” akasema yule mtu.

“Naam. Na nati yako hapa juu, penye jua.”

Siku ya tatu fundi akaitia nati spana ya kugongea. Hakuanza kwa kuifungua. Aliikaza kwanza kidogo, kisha akairudisha, akaikaza tena, akairudisha. Ikalia kama mlango wa zamani, ikatoka. Ekseli akaigonga kwa kipande cha mti, asiiumize ncha yake, nayo ikatoka nyekundu yote kama udongo. Akaisugua, akaipaka grisi tele, akairudisha mahali pake.

Lakini ile bolti iliyokatika hakuigusa. Alionyesha unga mweupe uliozunguka tundu lake. Injini ile ni ya alumini na bolti ni ya chuma. Madini mawili yakikutana penye maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo iliwayo. Kuitoboa kwa keekee kungeweza kulipasua tundu lote. “Hii inabana kifuniko tu,” akasema fundi. “Ikae.”

Yule mteja alikuwa amekwisha pata mchukuzi mwingine. Ilimpasa mwenye pikipiki kutafuta mizigo midogo midogo kwa muda wa mwezi mzima, na kodi ilichelewa. Tangu hapo hutandika nailoni chini ya magunia ya kayabo, na kila Jumamosi jioni hukaa mlangoni na kopo la grisi na kitambaa. Binti yake humshikia taa. Kifuniko cha mnyororo kimefungwa kwa waya upande mmoja, hulia kidogo pikipiki ipandapo mlima, na mtoto amekwisha kuzoea sauti yake.