Kompyuta Haikumkataza

"Baba, kompyuta haikunikataza." Hilo ndilo jibu la mwanangu wa miaka 13 nilipomuuliza kwa nini alifuta folda ya sauti za marehemu bibi yake. Alitaka nafasi ya mchezo. Alifuta, akamwaga na kapu la taka.

Sauti zilikuwa 11. Nilimrekodi mama kwa simu, nyumbani kwake Kibokoni, akinieleza namna ya kuumua mkate wa sinia. Nyuma yake unasikia mwiko ukigonga bakuli, na mbali kidogo adhana ya alasiri.

Hapa kwetu Tudor kompyuta ni moja, ya mezani, yenye Linux, na kila mtu huingia kwa jina lake. Miezi michache kabla, ilinigomea nilipotaka kuhifadhi kitu kwenye folda ya pamoja. Usiku ulikuwa umekwenda, nimechoka. Nikaandika chmod -R 777, nikamfungulia kila mtu folda nzima na vyote vilivyomo. Baadaye nikazirudia zile faili za sauti zilizokuwa humo, nikazifanya za kusomwa tu, nikalala nikiamini ziko salama.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, jirani yetu, ndiye aliyenifungua macho. "Mzee, tazama hapa," akaniwekea kidole kwenye kioo: drwxrwxrwx. Herufi ya kwanza yasema hii ni folda. Zinazofuata ni tatu tatu: za mwenyewe, za kikundi chake, za watu wengine wote. Mpango huu umetokana na Unix, iliyozaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1; kwa folda, hiyo 1 ndiyo ruhusa ya kupita mlangoni. Ukijumlisha unapata 7. Na faili haifutwi kwa ruhusa yake, hufutwa kwa ruhusa ya folda iliyomo. Nilitia kufuli sanduku nikaacha chumba wazi. Alitakaye halifungui, hulibeba.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nimelelewa Mji wa Kale. Barazani kwetu alikaa yeyote apitaye. Ukumbini waliingia jamaa. Chumba cha ndani kilikuwa cha wenyewe, na hata sisi watoto tulipiga hodi. Jirani aliyeishia barazani hakujiona amefukuzwa. Alipewa kahawa chungu na habari za mji, akaenda zake radhi. Mimi nilipokuwa baba nikaona kumwekea mwanangu mpaka ni kumshuku. Kumbe nilimtwika asichokiweza: nilimpa uwezo wa kupoteza kitu ambacho hakujua thamani yake, kisha nikataka kumkasirikia kwa kukipoteza. Nilimwomba radhi. Alilia kuliko mimi.

Sauti 3 nilizipata kwenye simu ya dada yangu. Folda ya sauti hizo sasa ni 750, mwenyewe ni mimi, na mwanangu yumo kwenye kikundi: anaingia, anasikiliza, hafuti. Ijumaa iliyopita nilimkuta ameweka spika za masikioni, ameshika kalamu, anaandika kipimo cha hamira na tui kama bibi yake anavyotaja.

Zile nane hazikurudi.