Turubai Tuliloweza Kulikunja



Kwa miaka mingi, tulipofanya hija ya miguu toka Kolwezi hadi kando ya ziwa la Nzilo, lile lililotokea miaka ya 1950 mto Lualaba ulipozuiwa kwa bwawa la umeme, tulibeba hema la kitambaa kizito lenye nguzo za chuma. Vijana wanne walipokezana mzigo ule, nao daima walifika wa mwisho, sala ya jioni ikiwa imekwisha. Ndani ya hema tulilala sisi walezi. Wao walilala nje. Ilituchukua muda mrefu kuona haya.

Hatimaye tuliliacha hema lile. Tukachukua maturubai ya plastiki ya mita 4 kwa 5, kila moja likiwa na uzito wa kilo 4 hivi, pamoja na kamba. Aliyetufundisha kuyatumia ni kijana mmoja wa kundi letu aliyewahi kuishi kambini pamoja na wachimbaji wadogo wa kobalti. Kamba hufungwa kati ya miti miwili, nalo turubai hulazwa juu yake kama paa, kisha pembe huvutwa na kufungwa kwenye vigingi. Tundu la pembe likichanika, kijiwe laini huviringishwa ndani ya turubai na kukazwa kwa kamba. Ubavu mmoja hushushwa hadi chini upande upepo utokako. Watu hawalali bondeni, kwa maana maji hupita huko. Ncha mbili huachwa wazi, la sivyo pumzi za waliolala hugeuka matone chini ya plastiki, na asubuhi mtu huamka amelowa bila mvua. Sisi tuliosomea ualimu tuliketi, tukawa wanafunzi.

Usiku ule wa Julai, baridi ya kiangazi ikituchoma, tulikaa kuzunguka moto, tukahubiri kwa furaha. Tulisema juu ya Ibrahimu aliyekaa katika hema hali ameahidiwa nchi. Juu ya Petro aliyetaka kujenga vibanda vitatu mlimani. Juu ya Paulo aliyeshona hema kule Korintho pamoja na Akila na Priskila, asiwe mzigo kwa mtu. Tukamaliza kwa kusifu turubai: heri mtu asafiriye na vitu vichache, maana moyo wake u huru.

Kijana yule alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa heshima: “Mwalimu, turubai ni jepesi kwa sababu keshokutwa tutalikunja na kurudi nyumbani. Mama yangu halikunji lake.”

Hatukuwa na jibu. Sote twayajua maturubai ya mji wetu: yale yanayofunika mashimo ya Kasulo, na yale ya kambi ambamo watoto huzaliwa na kukua chini ya plastiki, likiwaka jua, ikinyesha masika. Tuliyapita kila siku, na bado tulihubiri kana kwamba hatujayaona. Tulikuwa tumeuita fadhila umaskini wa jirani kwa kuwa sisi tuliuonja siku tatu tu.

Wapendwa, hatusemi kwamba kusafiri na mzigo mwepesi ni kosa. Bwana mwenyewe aliwatuma mitume bila mkate wala mkoba. Lakini mitume walichagua kuacha. Mama yule hakuchagua. Anayechagua kuacha anaweza kumshukuru Mungu kwa uhuru wake. Asiyechagua ana haki ya kupata ukuta, mlango na paa, nasi tuna deni kwake.

Tangu hapo, hija ikiisha, maturubai hayarudi ghalani. Tunayapeleka kambini, pamoja na kijana yule, na tunakaa tukisikiliza kabla ya kusali. Twajua vema kwamba turubai si nyumba. Ndiyo maana tumejifunza pia kuuliza, pale parokiani, ni nani kati yetu ana nafasi ya kupangisha, na ni nani aweza kufundisha ufundi wa uashi.

Katika mkutano wenu wa juma hili, jiulizeni: katika kundi letu, nani hubeba hema, na nani hulala ndani yake?

Ee Kristu, uliyekaa kati yetu kama msafiri hemani, utufundishe kutazama kabla ya kuhubiri. Amina.