Mazutu kwanza

Serva ya kwanza niliyoitunza Kasongo ilikuwa HP ProLiant DL380 ya kizazi cha saba, nayo ilitufikia ikiwa imeshatumikia wengine. Ilitoka Kindu juu ya lori, imeviringishwa ndani ya godoro la sponji na kufungwa kamba za mpira. Nyuma yake ilikuwa na matundu manne ya kebo ya mtandao, mawili kwa kila chipu ya Broadcom. Chipu hizo zina programu yake humo humo ndani, ndiyo famwea. Haikai kwenye diski, na ukifuta Linux yote ukaiweka upya, yenyewe haina habari.

Kusasisha famwea enzi hizo kulikuwa ni safari. DVD ilitoka Bukavu au Kindu mfukoni mwa mtu, na mpaka itufikie ilikuwa imeshapitwa. Hata ikifika hatukuiingiza siku hiyo hiyo. Kwanza mazutu. Mlinzi wetu alikuwa na fimbo nyembamba aliyoichora mistari ya makaa. Aliitumbukiza kwenye tangi la jenereta, akaitoa, akaisoma kwenye jua. Mazutu ikiwa chini ya mstari wa tatu, kazi inaahirishwa, na mtu anatumwa sokoni na bido. Hapo hapakuwa na mzaha: chipu inapoandikwa upya, umeme ukikatika katikati, ya zamani imeshafutika na mpya haijakamilika, na taa ya tundu lile haiwaki tena. Kadi nyingine ya mtandao ungeipata wapi?

Kilichonichosha zaidi lakini ni majina. Linux ya wakati huo iliita matundu eth0, eth1 na kuendelea, na ukibadilisha kadi, lile uliloliita la kwanza unaweza kulikuta limekuwa la tatu. Ofisi nzima inanyamaza, kebo ziko mahali pake, taa za kijani zinamemeteka, na hakuna kompyuta inayomwona mwenzake. Basi nikabandika plasta ya dispensari juu ya kila tundu, nikaandika namba ya MAC iliyotoka nayo kiwandani kwa bic, na daftarini vilevile. Matundu mawili niliyaunga yafanye kazi kama moja, ili panya wakila kebo moja nyingine ibebe mzigo. Panya wa Kasongo wanapenda kebo, sijui wanaonja nini. Mwaka 2013 systemd, programu inayoanzisha Linux, ilileta utaratibu mpya wa kuyataja matundu kwa mahali yalipo kwenye mashine, na tulipohamia Linux ya CentOS 7 nikaanza kuona eno1, eno2. Wengi waliyalalamikia majina hayo kwamba hayana sura. Mimi nilibandua plasta.

Mwaka 2014 ulinifundisha kuheshimu uzembe wa barabara zetu. Mwezi wa pili HP ilitangaza kwamba famwea za serva zitapewa wenye garantii au mkataba tu. Mwezi wa nne ikaja tahadhari ya kampuni hiyo hiyo: sasisho moja la kadi za Broadcom, kwenye serva za kizazi cha saba na za nyuma yake, lingeweza kuziua kadi moja kwa moja. Huko kwenye intaneti ya kasi, aliyewahi kulipakua ndiye aliyekuwa hatarini. DVD yetu ilikuwa ya zamani mno hata kutudhuru.

Nikaanza kuhubiri kwamba mashine inayofanya kazi haiguswi. Mahubiri hayo hayakudumu. Tulikuwa tumeshapata ProLiant ya kizazi cha nane, yenye iLO 4, ile kompyuta ndogo iliyo ndani ya serva inayoiwasha na kuizima ukiwa mbali. Watafiti wa usalama wakaonyesha kwamba mtu akituma herufi A 29 mfululizo mahali fulani kwenye ombi lake, iLO inamfungulia bila neno la siri. Toleo la 2.53 liliziba pengo hilo mwaka 2017. Kwa hiyo kuchelewa kulikotuokoa juzi sasa ndiko kulikuwa mlango wazi, na mazutu ikatafutwa siku hiyo hiyo.

Tangu serikali ya Kongo iipe Starlink leseni mwaka 2025, nimeona sahani inayojisasisha na kujizima na kujiwasha usiku wa manane bila kumwomba mtu ruhusa. Kijana aliyeshika kazi yangu anataka serva nayo iwe hivyo.

“Papa, tuiache ijifanyie yenyewe usiku.”

“Usiku mazutu iko ngapi, mwanangu?”

Akacheka, lakini akaenda kuuliza. Tukakubaliana: iLO na Linux zisasishwe mara tu toleo linapotoka. Famwea ya kadi za mtandao ingoje wiki chache, wengine waijaribu kwanza, kisha tuifanye saa sita mchana, paneli zikiwa zimeshiba jua na jenereta ikingurumia pembeni. Fimbo ya makaa ameitupa. Siku hizi anapima kwa simu.