Misimu 72 na sentensi moja ya buda

Wasee, wiki hii nimekaa dakika 77 bila kugusa simu. Mimi, mtu anayekula kwa video za sekunde 60. Nilikuwa naskiza albamu moja mwanzo hadi mwisho, 72 Seasons ya Metallica. Ilitoka Aprili 2023, so si habari mpya, na hawa si vijana. Bendi ilianza 1981. James Hetfield, mwimbaji, alikuwa na miaka 59 albamu ikitoka.

Najua mtasema nini: metali ni kelele za wazungu, na hizi ni za wazungu wazee. Hiyo ya kwanza tumemaliza kitambo. Mimi niliingia metali kupitia Duma, yaani Lord Spikeheart na Sam Karugu, wasee wa hapa Nairobi, na albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hiyo ya wazee ndiyo nataka tuongee.

Jina la albamu ni hesabu. Mwaka una misimu minne, zidisha na miaka 18, unapata 72. Wazo la Hetfield ni kwamba miaka 18 ya kwanza ndiyo inakupa picha ya wewe ni nani, iwe ya ukweli au ya uongo, halafu maisha yako yote unaishi ukiirudia au ukiikimbia.

Nilicheka. Misimu minne gani, Jericho? Halafu nikahesabu. Jua la Januari. Mvua ndefu, matope hadi mlangoni. Baridi ya Julai. Mvua fupi ya kuelekea Krismasi. Ni minne kweli. Na ukimaliza wa 72, serikali inakupa kipande, ati sasa wewe ni mtu mzima.

Yangu niliimaliza hapa hapa, kwa nyumba ya kaunti, karibu na Camp Toyoyo. Na picha niliyopewa ilikuwa sentensi moja ya buda: "Huyu hamalizi kitu." Alianza kuisema nikiwa darasa la tano, nilipoacha timu ya mpira katikati ya msimu. Akairudia mbele ya wageni, mbele ya majirani, mpaka ikawa kama jina langu la pili. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, hakusema chochote. Hakukuwa na haja. Mimi mwenyewe nilijiambia.

Sasa muangalie Hetfield. Baba yake aliondoka akiwa na miaka 13. Mama yake alikufa kwa kansa akiwa na 16, na familia yao ilikuwa ya dini inayotegemea maombi badala ya dawa. Kwa Kill 'Em All ya 1983, hata hajafikisha 20, hasira yote anairusha nje, mbio mbio. Miaka 40 baadaye mbio bado ziko, ila hasira imegeuka, inamwangalia yeye. Ngoma ya mwisho, Inamorata, dakika 11, inaongea na huzuni kama mpenzi ambaye unajua anakumaliza na bado humwachi.

Si albamu safi. Ngoma 12 ni nyingi, mimi ningetoa tatu na hakuna mtu angeuliza. Lakini kilichonitisha ni hiki: huyu msee amejaza viwanja dunia nzima, na bado anapigana na kijana wa miaka 16. Kumbe mafanikio hayafuti. Mimi nilikuwa nimejiambia wafuasi wakifika laki moja, ile sentensi itanyamaza.

Jumapili nilikuwa naiskiza kwa spika, buda akaingia.

"Ni wimbo gani huo hauishi?"

"Lakini baba, Mario ni dakika ngapi?"

Akanyamaza. Buda ni mtu wa Franco, na Mario inapita dakika 10 vizuri sana. Ni ya 1985, kuhusu kijana aliyesoma lakini anakaa tu akilishwa na mama tajiri. Tangu niache chuo, imekuwa ikipigwa sana hapa nyumbani, na sauti juu. Lakini fikiria: OK Jazz ilianza 1956. Franco alipotoa Mario alikuwa na karibu miaka 30 ndani ya bendi moja. Hiyo pia ni albamu ya wazee, na buda hajawahi kusema wamechoka.

Akauliza huyu anaimba nini. Nikamweleza misimu 72. Sikutaja sentensi yake, sikuwa na nguvu hiyo. Alisimama pale mlangoni kidogo, akasema, "Mimi sikufika darasa la nane. Nilikuja Nairobi kutafuta kazi, na baba yangu hakuniongelesha miaka miwili."

Nimeishi na huyu mtu miaka 22. Sikuwa najua hiyo.

Hakuomba msamaha, hatukukumbatiana, hii si filamu. Lakini sasa najua ile sentensi haikuanzia kwangu. Alikuwa amebeba ya kwake, akanipitishia.

So skiza wazee wa mtu, wawe Metallica au Franco. Skiza mpaka mwisho. Halafu uniambie: ile sentensi uliyopewa kabla ya kipande, nani alikuwa amempa huyo aliyekupa?