Tuvunje Madaraja Yetu Mezani

Montréal

Ndugu zangu wa Goma,

Huku theluji imeanza kuyeyuka, na wanafunzi wa uhandisi wamekutana tena katika Chuo Kikuu cha Concordia kwa mashindano ya madaraja yanayoitwa Troitsky. Nawaandikia habari zake kwa sababu naamini tunaweza kufanya kama hayo Goma, na si lazima tungoje mfadhili.

Kila timu hujenga daraja kwa vijiti vya aiskrimu, vijiti vya kuchokolea meno, uzi wa kusafishia meno na gundi nyeupe, basi. Kisha daraja huwekwa chini ya mashine ya kukandamiza, umati ukitazama. Mashine inashuka polepole. Kijiti kimoja kinalia, kingine kinaitikia, ubavu unapinda kuelekea nje, na daraja zima linakatika. Watu wanapiga makofi, na wenye daraja wanainama papo hapo kuokota vipande. Wanatafuta palipoanzia: je, ni gundi iliyoachia, au ni kijiti kilichobanwa hadi kikapinda?

Swali hilo limewahi kugharimu roho za watu. Tarehe 29 Agosti 1907, daraja la Québec likiwa bado linajengwa juu ya mto Saint-Laurent, lilianguka na kuua wafanyakazi 75. Kati yao 33 walikuwa Wamohawk wa Kahnawake, hapa jirani na Montréal. Nafasi ya katikati ilikuwa imeongezwa kutoka mita 488 hadi 549, na hesabu ya uzito wa chuma chenyewe haikupigwa upya ipasavyo. Vyuma vya chini vilionekana vimepinda siku kadhaa kabla, lakini kazi ikaendelea. Tangu 1925 wahandisi wa Kanada wanaohitimu huvishwa pete ya chuma kidole cha mwisho, iwakumbushe dhamana waliyobeba.

Mtauliza hayo yanatuhusu nini, maana Goma yetu haina mto. Mvua inazama kwenye mawe ya volkeno. Mtoto anaweza kukulia mjini bila kuvuka daraja, ilhali maharagwe, viazi na jibini anavyokula vimevuka mengi kutoka Masisi na Rutshuru. Mengine ni magogo ya mikaratusi yaliyopigiliwa mbao. Mvua ikibeba daraja moja, malori yanalala njiani na bei inapanda soko la Virunga. Uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025, barabara na ziwa ndivyo tulivyobaki navyo. Watakaoyajenga upya madaraja hayo wako darasani sasa hivi, nao wanahitaji kuona daraja likivunjika mahali ambapo halimuui mtu.

Vifaa tunavyo: vijiti vya mishikaki, uzi wa cherehani, gundi ya seremala. Daraja lilazwe kati ya meza mbili zilizoachana sentimita 60. Katikati itundikwe bidoni ya lita 20, maji yamiminwe kopo kwa kopo. Lita moja ni kilo moja, hivyo hata mtazamaji atahesabu mwenyewe. Ashinde aliyebeba mzigo mkubwa zaidi kwa kila gramu ya daraja lake, maana kurundika magogo tunajua tayari. Tunachokosa ni kupanga kidogo kibebe kingi.

Waamuzi wawe wahandisi na walimu wa ujenzi, na pamoja nao aketi fundi wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Huyo anajua mti upi unavumilia na ungio lipi linaachia, kwa kuwa chombo chake kinateremsha mamia ya kilo za makala na viazi kwenye barabara ya mawe. Mlango uwe wazi kwa wasichana na kwa shule zisizo na mkondo wa ufundi. Na baada ya kuvunja, kila timu iandike nusu ukurasa: limevunjikia wapi, kwa nini, na mara nyingine watabadilisha nini. Asiyeandika asipewe alama.

Walimu, chagueni tarehe na mtutumie orodha ya shule. Sisi wa huku tutachanga pesa za gundi, mizani na zawadi, na wahandisi walio miongoni mwetu watasoma zile nusu kurasa na kumjibu kila mtoto.

Ndugu yenu wa Montréal