Nami Nilicheka

Makomredi, kuna kicheko changu kimoja ambacho bado kinanisumbua. Ilikuwa wiki ya usajili, nikiwa fasti-ya. Mbele yangu kwenye foleni alisimama msichana mwenye gauni la buluu. Karani akachukua cheti chake cha KCSE, akakitazama, akamtazama yeye, kisha akasoma jina kwa sauti. Jina la mwanamume. "Hii umetoa wapi, wewe?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Msichana akakusanya karatasi zake, akaenda. Sijamwona tena.

Miaka miwili baadaye, katika somo la sheria ya katiba, tulipewa kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani, KNEC. Audrey alifanya KCSE mwaka wa 2001 na akapata A-. Baadaye akabadili jina na kuishi kama mwanamke, lakini cheti kikabaki na jina la zamani na alama ya mwanamume. Gredi nzuri hivyo, na kila akikitoa anaonekana tapeli! Mnamo Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru KNEC impe cheti kipya chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Sheria haikulazimisha alama hiyo kuwepo.

Nikarudi kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 27(4) inakataza serikali kumbagua mtu kwa misingi yoyote, kisha inataja mifano. Transjenda hawatajwi, lakini neno ni "yoyote". Kilichonichoma ni 27(5): hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenzake. Na 28 inasema kila mtu ana utu unaostahili kuheshimiwa. Kumbe si karani peke yake aliyekuwa na kesi siku ile.

Wengine mtasema dini na mila zenu haziruhusu mambo haya. Sawa, imani yako ni yako. Lakini yule dada hakuja kuomba baraka zetu. Alikuja kusajiliwa, na nafasi aliipata kwa alama zake.

Kwa hivyo naomba chama chetu kimwandikie msajili: mwanafunzi ambaye jina lake limebadilika ahudumiwe ofisini, mlango ukiwa umefungwa, si dirishani mbele ya watu.

Na wewe dada wa gauni la buluu, popote ulipo, nisamehe.